Mkwe Hapewi Kisu Mkononi

Mama Amandine alibatizwa Victoire, lakini jina hilo analitumia padri peke yake. Wengine wote wa soko la Mulongwe, hapa Uvira, wanamwita Mama Amandine, na wanajua meza yake: mapanga, majembe, koleo, bisibisi, misumari, kufuli ambazo baadhi yake hufunguka, na visu. Hasifu bidhaa. Ukimwuliza kama panga ni zuri, anakujibu kwamba panga hilo litakuzika wewe na atakayekurithi, kisha anaendelea kumenya karanga zake.

Uvira nzima imenunua kwake. Mtu mmoja tu hajawahi kununua hata msumari, na huyo ni mkwe wake.

Mkwe mwenyewe anaitwa Sévère. Ni fundi wa umeme, amemwoa Amandine, na ana adabu mpaka anachosha. Kwao Mama Amandine, kule Mutarule katika bonde la Ruzizi, na kwao Sévère vilevile, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hataji jina lake, hali chakula mbele yake, wala hampi mkono, na mama mkwe naye vivyo hivyo kwake. Siku hizi wengi wamepunguza. Kuna wakwe wanaosalimiana na mama wakwe kwa simu ya picha, wakicheka, meno yote nje. Sévère hakupunguza kitu. Wakikutana njiani yeye huingia mtaroni. Mvua ikinyesha huingia mtaroni vilevile. Tangu arusi, Mama Amandine amekuwa akimjua kwa mgongo, naye Sévère akimjua mama mkwe wake kwa miguu na kwa kikohozi.

Na juu ya yote hayo kuna jambo la kisu. Kisu hakitoki mkononi mwa mama mkwe kwenda kwa mkwe, kiwe cha bure, kiwe cha kuuziwa. Wazee walisema kisu cha namna hiyo hukata ndoa katikati, na kila mmoja akabaki na kipande chake. Hakuna aliyewahi kuonyeshwa kipande cha ndoa, lakini hakuna pia aliyetaka kujaribu.

Kwa hiyo Sévère alinunua visu vyake kwa Libérat, aliyetandaza shitingi yake, turubai la plastiki, upande wa pili wa soko, kupita wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Visu vya Libérat vilikuwa vizuri sana kutazama. Viling'aa, vilikuwa na mipini ya rangi, na vingine vilichorwa simba. Ubaya wake ulikuwa mmoja, kwamba vilianza kwa kumkata mwenye navyo. Kimoja kilijikunja chenyewe katikati ya kazi, bila kuombwa. Kingine kiliachana na mpini juu ya ngazi. Mkono wa kushoto wa Sévère ulishindwa kukumbuka mara ya mwisho ulipokuwa hauna bandeji.

Mama Amandine aliiona bandeji hiyo kila Jumapili kanisani, kutoka nyuma, Sévère alipoinua mikono kwa Baba Yetu. Alisali naye, lakini si kwa maneno yaleyale.

Ikawa Alhamisi moja Amandine akafika mezani kwa mama yake, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso chini.

"Kidole gani?" akauliza Mama Amandine.

"Hapana kidole, Mama. Ni kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Katika barabara ya kwenda Makobola walikuwa wanajenga nyumba ya wazazi, ya akina mama kujifungulia, yenye vyumba vingi na taa kila chumba, na shefu wa umeme pale, msimamizi wa mafundi, alikuwa mtu mmoja anaitwa Norbert. Norbert alikuwa amekwisha kupeleka fundi mmoja hospitali, kisu kimemjikunjia kwenye vidole. Hakutaka kumpeleka wa pili. Akasema Jumatatu asubuhi kila fundi atafungua mfuko wake wa kazi mbele yake. Mwenye kisu cha jikoni arudi jikoni. Mwenye kisu cha kujikunja ovyo arudi alikokinunua.

"Na yeye iko na kile cha simba," akasema Amandine. "Jumamosi anataka kwenda ku Libérat kutafuta ingine. Mama, Norbert akimurudisha, tunarudia kuchajisha simu ya batu pale barabarani. Na moto yenyewe ya umeme inakuja inapotaka."

Mama Amandine akainama chini ya meza, akatoa kitu kimefungwa kwenye kipande cha kikwembe. Kilikuwa kisu kifupi, kinene, cheusi, na kibaya cha sura. Kiliingia na mzigo kutoka Bujumbura, wenzake wakanunuliwa haraka na mafundi wa bandarini, kikabaki chenyewe. Mpini wake ulikuwa mzima, hauna misumari ya chuma ya kumpitishia mtu umeme. Ubapa wake ukifunguka ulijifunga kwa kitasa kidogo, na haukurudi mpaka ukibonyeze. Ncha yake ilipinda kama mdomo wa kasuku, na chini ya mdomo palikuwa na kisigino kidogo butu.

"Chukua," akasema.

"Ataniuliza imetoka wapi."

"Mudanganye."

"Mama, minye nikidanganya ninacheka. Unajua."

Ilikuwa kweli. Mama Amandine alimlea mwenyewe, hakuna wa kumlaumu.

Amandine alipoondoka, mama yake akafunika meza, akavuka soko mpaka kwenye shitingi ya Libérat. Libérat alipomwona alisimama, maana hawakuwa watu wa kutembeleana.

"Weka hii katikati ya bintu byako," akasema Mama Amandine. "Jumamosi fundi mumoja atakuja. Umuuzie. Faida ni yako yote."

Libérat akakipindua kisu, akamtazama. "Mama Amandine, unagonjwa?"

"Hapana. Niko na mukwe."

"Aa," akasema Libérat. "Pole."

Mama Amandine alikuwa ameshalipima jambo hilo njiani. Wazee walisema mkononi mwa mama mkwe. Hawakusema kisu kisipite katika soko moja naye. Na mkono wa Libérat ulikuwa mkubwa na mchafu, kitu chochote kikipita pale kinasahau kilikotoka.

Jumamosi Mama Amandine akafika mapema, akajificha nyuma ya mlima wa viatu vya mitumba, kikwembe kichwani mpaka kwenye nyusi. Karibu na shitingi ya Libérat aliketi Blandine, muuza nyanya, ambaye macho yake hayakupitwa na kitu, na mdomo wake haukuyachelewesha.

Sévère akaja. Alizunguka kwa wauza nyama ili asipite mbele ya meza ya mama mkwe wake, wala hakujua kwamba meza ilikuwa haina mtu. Akachuchumaa.

Libérat, ambaye alitimiza ahadi yake, akamsogezea kile kifupi. "Hii je, fundi?"

Sévère akakitazama bila kukigusa. "Hii iko na nini kwa pua? Ni kisu ao ni mugonjwa?"

Akachukua kingine. Kiling'aa mpaka mbuzi wa jirani akageuza kichwa. Kilikuwa na ubapa, msumeno, mkasi, cha kufungulia chupa, tochi mkiani, na uma. Sévère akavuta kimoja baada ya kingine, akitabasamu. Mama Amandine akajiuliza fundi wa umeme anachoma nini kwa uma, na jibu lililomjia halikumfurahisha.

Sévère akatia mkono mfukoni.

Mama Amandine akakohoa.

Mgongo wa Sévère ukanyooka. Kikohozi kile alikijua. Hakugeuka. Alijisogeza taratibu akiwa bado amechuchumaa, mpaka uso wake ukaelekea ziwa, na mama mkwe wake akabaki nyuma yake kabisa. Mama Amandine naye akatoka nyuma ya viatu, akageukia milima iliyo upande wa pili. Wakakaa hivyo, mgongo kwa mgongo, na shitingi katikati.

"Blandine," akasema Mama Amandine, akiitazama milima. "Uniulizie ule fundi, kama anajua kazi ya uma."

Blandine hakuwa amepata siku nzuri namna hii tangu mwaka uanze. Akajipangusa mikono. "Fundi, mama hapo nyuma anauliza uma ni ya nini."

"Nimesikia," akasema Sévère kwa ziwa. "Umuambie, mama wa nyanya, kwamba sikuangalia uma. Niliangalia tochi."

"Anasema aliangalia tochi."

"Nimesikia. Umuambie ajaribu kwanza. Libérat iko na waya ya kujaribia. Batu banajaribu hata viatu."

Libérat akatoa kipande cha waya mnene, ule wenye gamba jeupe nje na nyaya nyembamba za rangi ndani. Watu wakaanza kusimama. Sévère, ambaye hakuweza kumkatalia mama mkwe neno lolote, akafungua kisu cha tochi, akapasua gamba. Gamba likapasuka, na waya mwekundu wa ndani ukapasuka nalo, na shaba ikaonekana.

"Ukifunga taa na ile," akasema Libérat, akisahau kwamba kisu kilikuwa chake, "nyumba inaungua."

Sévère akakaza kidogo. Ubapa ukaona umefanya kazi ya kutosha, ukajikunja. Uliikuta bandeji.

"Kimemukata?" akauliza Mama Amandine kwa milima.

"Kimekata bandeji," akasema Blandine. "Chini sijaona. Fundi, onyesha mama kidole."

"Siwezi kumuonyesha mama kidole," akasema Sévère, kwa uchungu wa mtu mwenye adabu.

"Anasema hawezi kukuonyesha kidole."

"Basi achukue kile kibaya."

Sévère akachukua kile kifupi. Akakifungua, kitasa kikalia. Akabonyeza ubapa kwa dole gumba, haukurudi. Akaingiza mdomo wa kasuku chini ya gamba, akavuta. Kile kisigino butu kikateleza juu ya nyaya za ndani bila kuzikwaruza, na gamba likatoka zima kama soksi ya mtoto. Sévère akakitazama kisu kwa muda. Akakata tena. Akakata mara nyingine ambayo haikuwa na haja, kwa utamu tu.

"Blandine," akasema Mama Amandine, "fundi anafanya nini?"

"Anacheka peke yake, Mama."

"Libérat," akasema Sévère, "hii njo kisu. Hii nitafungua mbele ya Norbert, naye atanyamaza. Nichukulie hii."

Mambo yalikuwa yamekwisha. Libérat alikuwa amenyoosha mkono. Mama Amandine alikuwa tayari anafikiria karanga zake. Ndipo Blandine, kwa furaha tu, bila ubaya wowote, akasema:

"Eee, na ulitembea kabisa kukileta hapa, Mama Amandine! Minye nilikuona juzi nikasema, ile kisu anapelekea nani?"

Libérat akaziangalia nyanya kana kwamba anatafuta iliyo kubwa ya kumrushia mtu.

Sévère akakiweka kisu chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzake. "Mama wa nyanya," akasema, "umuambie mama hapo nyuma kwamba namushukuru sana. Alinifikiria. Lakini siwezi." Akachukua tena kile chenye tochi na uma.

"Anasema hawezi."

"Nimesikia, Blandine. Weye umekwisha kusaidia."

Watu wakaanza kutoa mashauri, maana soko haliwezi kuona mtu amekwama likanyamaza. Mwanamke mmoja akasema kitupwe chini, mkwe aokote. Sévère akajibu, kwa ziwa, kwamba kuokota mbele ya mwenyewe ni kupewa. Libérat akasema atakinunua yeye kwanza, kiwe chake kweli. Sévère akajibu kwamba sasa amekwisha kujua, na mtu hawezi kujifanya hajui. Kijana wa viatu akasema kioshwe.

Mama Amandine hakusikiliza. Aliwaza Jumatatu asubuhi, na Norbert akiukuta uma. Aliwaza pia mkono ule ulioinuliwa kwa Baba Yetu, ambao siku moja utakuwa na vidole vya kutosha kushika kikombe tu. Akawarudia kichwani wazee wa Mutarule, mmoja mmoja, akiwapekua kila walichosema. Walikuwa watu wa kusema sana. Lakini hata msemaji sana huacha mwanya.

"Blandine," akasema. "Uniulizie fundi. Wazee walisema nini juu ya mukwe kupewa kisu?"

"Walikataza," akasema Sévère.

"Kununua?"

"Walikataza."

"Na kuiba?"

Sévère naye akaanza kuwapekua wazee. Akalitazama ziwa kwa muda mrefu. Mtumbwi mmoja ukapita wote, kutoka kushoto mpaka kulia.

"Hawakusema kitu," akasema mwisho.

"Umuulize kama ana hakika."

"Nina hakika. Hakuna aliyewaza."

Mama Amandine akarudi kinyumenyume mpaka kwenye shitingi, akapapasa, akachukua kisu chake kifupi, akaondoka nacho kuvuka soko. Watu wakamfuata kwa mbali, wakijifanya wanatafuta chumvi, na Sévère nyuma yao, macho chini. Akafika mezani kwake. Akakiweka kisu ukingoni kabisa, mbali na vingine, mpini ukielekea njiani. Kisha akasema kwa sauti, akiyaambia majembe:

"Minye nina kiu. Naenda kunywa maji. Meza inabaki peke yake. Kama mwizi atapita, minye sitajua ni nani, juu sitakuwepo."

Akaenda mpaka kwenye mtungi wa muuza maharage, akageuza mgongo, akaanza kunywa taratibu sana.

Sévère akabaki amesimama mbele ya meza. Hakuwa amewahi kuiba kitu. Utotoni, wenzake wakienda kuiba maembe, yeye alibaki chini kuwaombea. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, watu wote wakatazama juu.

"Hodi," akasema.

"Mwizi habishi hodi!" akapiga kelele Blandine, aliyekuwa ameziacha nyanya zake bila mlinzi.

Sévère akanyakua kisu.

Na yote yangeishia pale, kama asingekuwepo mwanamume mmoja aliyefika saa ile na magunia ya muhogo kutoka Kamanyola. Yeye hakujua wakwe wala wazee. Aliona mtu akinyakua kisu kwenye meza ya mama aliyegeuka kunywa maji. Akafanya ambavyo mtu yeyote mwema angefanya.

"Mwizi! Mwizi!"

Sévère, ambaye hakujua wezi wanafanya nini baada ya hapo, akakimbia. Alikimbia vibaya, magoti juu, kama mtu aliyechelewa misa. Walimpata kwa wauza makaa. Mtu wa Kamanyola alimshika kola, na mwingine alikuwa amekwisha kuokota ukuni wa kumpigia.

Mama Amandine akasikia. Hakuweza kutaja jina lake, maana halitajwi. Hakuweza kwenda kusimama mbele yake. Akapanda juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwa wauza makaa, uso kwa milima, akapiga kelele iliyofika mpaka mto Kalimabenge:

"Mumuache! Ule mwizi iko wa familia!"

Mtu wa Kamanyola akasita. "Mama, anakuibia, na weye unamutetea?"

"Njo anajifunza! Usimuharibie!"

Mtu wa Kamanyola akamtazama mama aliyegeukia milima, akamtazama mwizi, ambaye alikuwa amelikazia macho ziwa huku ameshikwa kola. Akamwachia. Akasema hivi ndivyo nchi inavyoharibika, akarudi kwenye muhogo wake.

Sévère akanyoosha kola yake. Akakibonyeza kitasa, akakunja kisu vizuri, akakitia mfukoni. Kisha, kwa vile alikuwa ameona aibu ya kutosha kwa siku moja, akaenda nyumbani kwa njia ya moja kwa moja, akapita mbele ya meza ya mama mkwe wake, mwenyewe akiwepo, kwa mara ya kwanza tangu arusi. Mama Amandine alikuwa bado juu ya ndoo. Hakuna aliyemwona mwenzake.

Jumatatu jioni Amandine akafika, akachukua karanga bila kuomba. Mama yake akangoja. Hakuuliza, maana mtu akiuliza upesi hujulikana kwamba hakulala.

"Walifungua mifuko," akasema Amandine. "Norbert akarudisha batu, Mama. Mumoja alikuwa na kisu ya mukate. Akafika kwa wetu. Akashika ile kisu, akafungua, akabonyeza, akafunga, akafungua. Akauliza: hii ulipata wapi?"

Mikono ya Mama Amandine ikasimama. Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amepekua wazee wote wa Mutarule, lakini alisahau kwamba mkwe wake hawezi kudanganya hata kwa kucheka.

"Na akasema?"

"Akasema: niliiba."

"Mungu wangu."

"Norbert akauliza: uliiba kwa nani? Akasema: kwa mama mukwe."

Mama Amandine akaweka karanga chini. Aliona barabara, na simu za watu zikingoja umeme, na binti yake ameketi kando yake akipunga nzi.

"Kumbe Norbert naye ni mutu wa bonde ya Ruzizi," akaendelea Amandine. "Akafikiri, akafikiri. Akasema: ni kweli, hapakuwa na njia ingine. Akamupa chumba ya kwanza, ile ya kujifungulia. Ameanza leo."

"Vidole?"

"Byote biko. Ametoa bandeji. Mukono umekuwa mweupe, haujulikani ni wa nani."

Mama Amandine akarudia karanga zake. Akamenya moja, akapuliza ganda. Uso wake haukuonyesha kitu, maana uso wake ni wa biashara.

"Na Mama," akasema Amandine, "Norbert anauliza kama uko na ingine za vile. Anataka ya mafundi wote. Anauliza unaendaka kunywa maji saa ngapi."

"Umuambie mushahara wake unatosha," akasema Mama Amandine. "Yeye hajaoa kwangu. Atalipa."